Barazani kwa Bibi: Zimwi, simu na mama wa kambo

Toleo lililopita niliwaomba mniandikie juu ya hadithi za nyumbani: nani anasimulia kwenu, saa ngapi, na kama kuna anayesikiliza. Nilitegemea barua tatu nne za kunichekesha uzeeni. Zimekuja nyingi, na karibu nusu yake ni ugomvi. Nimechagua tano, majina nimeyaficha kama mlivyoomba. Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Pangani, nimefundisha darasa la tatu mkoani Tanga kwa miaka 34. Masikio yangu bado mazima. Macho ndiyo yameanza kunitania, kwa hiyo mnaoandika kwa mkono, andikeni makubwa.

Shikamoo Bibi. Mama mkwe amekuja kukaa nasi Dar es Salaam baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Nampenda na ananipenda. Tatizo ni hadithi zake. Kila usiku anamsimulia mwanangu wa miaka 5 habari za zimwi lenye kucha ndefu linaloteka watoto. Wiki ya pili sasa mtoto anakojoa kitandani na hataki kwenda chooni peke yake. Mume wangu anacheka tu, anasema hata yeye alilelewa hivyo hivyo. Nimwambieje mama bila kumvunjia heshima?
*Mama wa mmoja, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu. Kwanza shuka zifuliwe bila maneno, na huyo anayecheka ndiye awe anamwamsha mtoto saa sita za usiku kumpeleka chooni. Kicheko kitapungua.

Sasa nikuulize. Hiyo hadithi umewahi kukaa ukaisikiliza mpaka mwisho? Barua yako ilikuwa ndefu, nimeifupisha. Umenieleza kucha za zimwi, meno yake, hata harufu yake. Hukuniambia lilikufaje. Na hadithi zote za zimwi nilizolelewa nazo mimi, zimwi lazima life. Nadhani wakati huo wewe uko jikoni unaosha vyombo, mtoto anapitiwa na usingizi katikati, na zimwi linabaki zima kichwani mwake mpaka asubuhi. Hata mimi ningekojoa.

Bibi yangu alikuwa na ya zimwi moja tuliyomwomba kila mara. Tulikuwa tunakaa uani kuzunguka kibatari, yeye anasuka ukili wa mkeka, vidole vinakwenda vyenyewe wala haviangalii. Wasichana walikwenda pwani kuokota makombe. Mmoja akapata kombe jeupe, zuri, akaliweka juu ya mwamba akalisahau. Alipokumbuka walikuwa wameshafika mbali, na wenzake wakakataa kurudi naye. Akarudi peke yake huku anaimba kujitoa hofu. Juu ya mwamba kuna nini? Zimwi limekaa. Likamwambia, rudia wimbo wako nisikie vizuri, sogea, sogea tena. Likamkamata, likamtia ndani ya ngoma, likawamba ngozi. Tangu siku hiyo likawa halina kazi nyingine: linapita kijiji hata kijiji, linapiga ngoma, mtoto ndani anaimba, watu wanashangaa, wanalipa wali na kuku. Wimbo wenyewe, nilivyoupokea na kuupigapiga msasa mimi mwenyewe darasani, ni huu:

Kombe langu la pwani,
nilirudi kulitwaa,
mama, nimo ngomani,
nisikie, nasinyaa.

Siku ya siku zimwi likaingia kijiji cha mtoto bila kujua. Mama yake akasikia. Hakupiga ukunga. Akalikaribisha, akalipikia, akalinywesha tembo mpaka likalala fofofo. Wakafumua ngozi, wakamtoa mwana, wakajaza nyuki na siafu, wakaiwamba vilevile. Kijiji cha mbele zimwi likapiga ngoma: kimya. Likapiga tena: kimya. Likajifungia kibandani kwa hasira liiadhibu ngoma yake, na lililolikuta humo ndani tulikuwa tunalieleza sisi wenyewe kwa kupiga mayowe. Mahali lilipofia pakaota mboga, na huko kuna hadithi nyingine ambayo sitaianza leo.

Kwa nini nimekusimulia yote hayo? Kwa sababu ya wimbo. Ule haukuwa wa bibi, ulikuwa wetu. Akifika mahali pake anatuachia sisi, na tukizubaa anaweka ukili chini, anasema taratibu, "Basi, zimwi limeondoka naye." Weee! Tulikuwa tunaimba mpaka jirani anagonga ukuta. Mtoto aliyepewa kazi ya kumwimbia yule binti hana nafasi ya kuogopa, maana anajua akinyamaza mama hatasikia. Mwanao amelazwa chali gizani, amefunikwa shuka, hana la kufanya ila kuogopa.

Kwa hiyo usimwambie mama mkwe aache. Mwambie hivi, tena ni kweli tupu: "Mama, mtoto anaipenda ile ya zimwi ila analala kabla halijafa. Tuianze mapema, kabla ya chakula, na mimi nataka kuisikia." Kisha kaa. Vyombo vitangoja. Mwombe amfundishe mtoto kiitikio. Kumbuka pia kwamba mama huyo ametoka kwenye uwanja wake na kuku wake, amekuja kukaa ndani ya vyumba viwili na jicho lililofungwa bandeji, na hadithi ndiyo kazi pekee mliyomwachia nyumbani humo.

Kukojoa kukiendelea baada ya wiki chache, mpeleke kwa daktari. Si kila kikojozi ametishwa na zimwi. Na ile katuni ya kwenye simu, yenye lijitu la kijani linalong'oa magari, umeipitia haraka sana. Aliitaja mwanao, umesema mwenyewe mwishoni mwa barua.

Bibi, "paukwa" na "pakawa" maana yake nini hasa? Kamusi haikuniridhisha.
*Mdadisi, Morogoro*

Na "haloo" maana yake nini? Mbona simu unapokea?

Paukwa ni hodi, pakawa ni karibu. Msimulizi anapima: mpo? mmelala? nianze? Pakawa ikiwa dhaifu, msimulizi mzuri anarudia, na ikiwa dhaifu tena anawaambia mkalale. Wengine mmezoea "Hadithi, hadithi!" na jibu lake, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Litazame hilo jibu. Uongo anauita nani? Msikilizaji mwenyewe! Msomaji mmoja wa Kilwa ameniandikia kwamba jirani yake anamwambia hadithi za sungura ni dhambi kwa kuwa ni uongo. Mjibu jirani kwamba aliyeualika uongo kwa jina lake, akaukaribisha na kuuomba ukolee, hajadanganywa na mtu.

Shikamoo Bibi. Mimi mzaliwa wa Mombasa, naishi Toronto mwaka wa 12 sasa. Wanangu, wa miaka 7 na 10, wanaelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Nyanya yao yuko Mombasa na ni hodari wa ngano. Tumejaribu kumpigia kwa video watoto wanapoenda kulala, ila kwake huwa usiku wa manane, anasinzia. Akituma sauti alizorekodi, watoto husikiliza dakika moja wakarudi kwenye michezo yao. Nifanyeje?
*Baba wa wawili, Toronto*

Marahaba baba. Nyanya huku kwetu ni ya kukaangia, lakini nimekuelewa.

Tuanze na saa, maana hapo ndipo mnapomwonea mama wa watu. Toronto iko nyuma ya Mombasa kwa saa 7 wakati wa kiangazi chenu, na saa 8 wakati wa baridi. Wanao wakipanda kitandani saa 2 usiku, mama yako ameamshwa saa 9 au saa 10 za usiku ili amsimulie mtu habari za fisi. Hapana. Jumamosi, saa 4 asubuhi kwenu, ni saa 11 jioni kwake: ameshalala kidogo mchana, ameoga, chai iko mezani. Wakati wa baridi anzeni saa 3 asubuhi ili amalize kabla ya magharibi.

Utasema kwenu huo ni mchana, na hadithi haisimuliwi mchana. Na sisi tuliambiwa, ukisimulia hadithi mchana utaota mkia. Baadaye nikiwa mtu mzima nikaelewa kwamba mchana ulikuwa wa jembe, na shamba halipaliliwi na watu walioketi wakisubiri sungura amtoroke simba. Mama yako atakuwa anasimulia jioni yake, kwa hiyo yeye yuko salama. Walio hatarini ni watoto. Waambie sharti hilo, na kila hadithi ikiisha wakaguane migongo. Nakuhakikishia hawataisahau Jumamosi.

Kuhusu sauti zilizorekodiwa, nawatetea wanao. Sauti ile haiwahitaji. Wakiwepo inaendelea, wakiondoka inaendelea. Mtoto ana akili, anaona hatakiwi, anakwenda zake kwenye mchezo ambao usipobonyeza kitu hausogei.

Mwambie mama yako aanze na vitendawili, ngano zije baadaye. Kitendawili! Tega! "Nyumba yangu haina mlango." Hicho watakipata, mayai wanayaona kila asubuhi. Halafu awatege: "Kuku wangu katagia mwibani." Nanasi. Kwa mtoto aliyezoea nanasi lililokatwa vipande kwenye kopo, hicho hakiteguliki. Sawa kabisa, ndipo tunapopataka. Wakishindwa, nyanya aseme, "Nipeni mji." Watampa mji gani? Watampa Toronto! Basi nyanya achukue Toronto, ajisifu: nilikwenda Toronto, nikakaa kitako, nikaletewa biriani juu ya theluji, nikapita na punda wangu katikati ya barabara kuu, watu wakanishangilia, ndipo atoe jibu. Wanao hawatavumilia. Watataka kumsahihisha: nyanya, hakuna punda, nyanya, theluji haikaliwi. Wakianza kwa Kiingereza nyanya asiwaelewe. Hata kama anakijua, asiwaelewe. Na wewe usikae pale kutafsiri. Weka simu mezani, toka, kanywe kahawa yako. Neno wanalolihitaji ili kumshinda bibi yao watalitafuta wenyewe.

Yule wa miaka 10 atamchoka sungura mapema kuliko mdogo wake. Mpeni Abunuwasi. Ile ya kuazima sufuria, akairudisha na kijisufuria ndani yake, akasema imezaa, mwenyewe akafurahi akakubali. Akaiazima mara ya pili, akarudi mikono mitupu, akasema imekufa. Mtoto wa miaka 10 ndio umri wa kupenda kesi kama hiyo. Akikuuliza kama Abunuwasi alikuwa mtu wa kweli, mjibu ndiyo: alikuwa mshairi wa Baghdad zama za khalifa Harun al-Rashid, miaka zaidi ya 1,200 iliyopita, na ni wasimulizi wa baadaye, Waarabu kwanza kisha pwani zetu, waliomgeuza mjanja wa vichekesho. Sufuria hiyohiyo Waturuki wanamsimulia Nasreddin wao. Kama darasani kwake yumo Mturuki, amuulize.

Bibi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, bibi yangu yuko kijijini, wilaya ya Pangani. Nataka kuziandika hadithi zake kabla hatujachelewa. Nimemrekodi mara 4 hadithi ileile ya Kima na Papa, na kila mara inabadilika. Mara kima anakaa juu ya mkuyu, mara mzambarau. Mara papa anautaka moyo wa kima kwa ajili ya sultani wao anayeumwa, mara anautaka kwa ajili ya mkewe. Ipi ndiyo sahihi? Na mwezi uliopita amegoma kabisa, anasema simu haimwitikii. Umri umeanza kumchanganya?
*Mjukuu, Dar es Salaam*

Marahaba mjukuu wangu. Aliyechanganyikiwa hapo si bibi yako.

Wasomaji wengine labda hawaijui. Kima na papa walikuwa marafiki; kima anamwangushia papa matunda kutoka mtini. Siku moja papa akamwalika kwao, akampakia mgongoni, na katikati ya bahari akamwambia kweli: mgonjwa wetu dawa yake ni moyo wa kima. Kima akamjibu, masikini rafiki yangu, ungesema mapema! Sisi kima tukitoka mioyo tunaiacha mtini. Turudi nikauchukue. Wakarudi, kima akaruka juu, na hajashuka mpaka leo.

Sasa hizo "tofauti" zako. Mwingereza mmoja, Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, alizikusanya hadithi kutoka kwa wasimulizi wa Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, Kiswahili ukurasa huu na Kiingereza ule. Ya Kima na Papa imo. Mti ni mkuyu, na mgonjwa ni sultani wa papa. Umefurahi? Subiri. Ng'ambo ya bahari, India, hadithi hiyo imo ndani ya Panchatantra, mkusanyiko wa kale kuliko kitabu cha Steere kwa karne nyingi. Kule mnyama wa majini ni mamba, anayeutaka moyo ni mke wake, na mti ni mzambarau. Mzambarau, mjukuu wangu! Bibi yako, ambaye unataka kunieleza kwamba umri umemchanganya, amekaa kwenye kigoda chake huko Pangani na anazo zote mbili, na anakuchagulia ya kukupa kulingana na siku. Pwani yetu imepokea majahazi ya kaskazi tangu enzi na enzi, na baharia anayengoja upepo wa kusi ana miezi ya kukaa barazani bila kazi. Unadhani walikuwa wanaongea nini?

Kwa hiyo andika zote 4. Lakini pembeni ya kila moja andika tarehe, mahali, na nani walikuwepo. Hasa nani walikuwepo. Nina hakika ukichunguza utakuta ya mke wa papa aliisimulia siku walipokuwepo wanawake wa jirani, na ya sultani siku ulipokuwepo wewe peke yako na daftari lako. Hadithi inafinyangwa na aliyekaa mbele. Mimi mwenyewe ya sungura na kisima nilikuwa naisimulia fupi siku ya Ijumaa, watoto wakiwa na njaa ya kwenda nyumbani, na ndefu siku za mvua.

Na huko kugoma kwake ndiko kumenifurahisha kuliko vyote. Simu haimwitikii! Umemkalisha bibi mbele ya kioo cheusi, ukamwambia "anza", ukanyamaza kimya ili sauti yako isiingie. Mtu aliyezoea pakawa ya watoto 10 asimulie kwa nani? Mchukulie watoto, hata wa majirani, wanunulie kashata, wakae mkekani. Simu ilaze kifudifudi nyuma ya mtungi. Wakikohoa, wakicheka, wakimkatiza, usikate kitu hata kimoja. Kitabu cha Steere kina maneno mazuri, lakini vicheko vya Unguja ya 1870 havimo, na mimi ningetoa kurasa kadhaa nipate hivyo.

Mtaniambia, mbona Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na kipindi cha watoto cha Mama na Mwana, na redio haiitikiwi? Iliitikiwa sana. Redio ilikuwa moja, sisi tumebanana mbele yake nyumba tatu nzima, na lililoulizwa mle ndani lilijibiwa huku nje kwa fujo. Mpe kila mtoto redio yake na kipokea sauti cha masikioni, uone kama atajibu mtu.

Mengine nayataja haraka. Usimsahihishe lugha: hicho anachosema ni Kimtang'ata, lahaja ya pwani yetu, kilikuwepo kabla ya mwalimu wako wa Kiswahili sanifu na mimi pamoja naye. Muulize kila hadithi alipewa na nani, uandike. Muulize ipi hataki itoke nje ya nyumba, na hiyo usiitoe. Nakala ziwe mahali pawili. Na moja umtilie kwenye kadi ya vile viredio vya sokoni, ajisikilize. Yangu nilitiliwa na mwanangu, nikajigundua nina tabia ya kusema "sasa basi" kila baada ya sentensi mbili. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Umemalizia barua kwa ule usemi wa Amadou Hampâté Bâ, mwandishi wa Mali, alioutoa UNESCO mwaka 1960, kwamba mzee akifa ni maktaba imeungua. Namheshimu sana, lakini usemi huo unawafanya vijana waje kwa wazee na pipa la maji. Bibi yako haungui. Anataka aitikiwe.

Bibi, nimeolewa na mwanamume mwenye watoto 3, mama yao alifariki. Ni mwaka wa pili. Kila likizo bibi yao mzaa mama anakuja kukaa nasi, na kila akija anawasimulia hadithi ileile, ya mama wa kambo aliyemtuma mtoto kuteka maji kwa pakacha. Anaisimulia nikiwa nipo, tena ananitazama. Juzi yule mdogo akaniuliza, "Mama, na wewe pakacha lako liko wapi?" Niliingia chumbani nikalia. Nimkataze?
*Mama wa watatu, Muheza*

Barua hii nimekaa nayo siku nyingi. Nikuambie kitu ambacho sijawahi kukiandika katika ukurasa huu.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka 6. Mwaka uliofuata baba akaoa mwanamke wa Bweni, ng'ambo ya mto. Alivuka na kivuko, sanduku moja na mbuzi wa kukunia nazi kamshika mkononi. Tulimwita Mama Mdogo. Na bibi yangu, yuleyule wa ukili na zimwi, mama wa marehemu mama yangu, alikuwa na hiyohiyo ya pakacha. Mtoto yatima anaamshwa alfajiri, anapewa pakacha, anaambiwa asirudi bila maji. Anateka, yanavuja. Anateka, yanavuja. Anakaa ukingoni analia. Mwisho wake yule mama wa kambo anakwenda mtoni mwenyewe kumfokea, na mamba anamchukua. Pangani mamba si wa hadithi, wamo mtoni, kwa hiyo sisi tulikuwa tunamwona.

Bibi aliisimulia Mama Mdogo yupo. Alikuwa ameketi mlangoni anakuna nazi. Alikuwa anaitikia pakawa kwa sauti kuliko sisi, mpaka leo naisikia. Usiku mmoja bibi alipofika pale mtoto analia, tukasikia kukuna kumesimama. Hata sisi watoto tulijua. Hakuna aliyegeuka.

Mama Mdogo akasema, "Mama, huyo mtoto hakuona udongo hapo mtoni? Angeziba."

Bibi akauliza, "Udongo gani?"

"Wa kufinyangia. Umejaa ukingoni. Akandike pakacha kwa ndani, aliache jua lilikaushe, maji yatakaa."

Bibi alinyamaza, nadhani akahesabu mistari mitatu minne ya ukili. Kisha akasema, "Akauona udongo." Mtoto akakandika pakacha, akarudi na maji yamejaa, na usiku ule mamba hakutoka. Nazi ikaendelea kukunwa.

Sikudanganyi kwamba walipendana tangu hapo. Mwaka wa pili yake waligombana juu ya minazi ya marehemu mama, nani avune na nani auze, na mamba akarudi kwenye hadithi, mkubwa kuliko zamani. Lakini udongo haukuondoka. Bibi hakuweza tena kuisimulia bila udongo, tungemkatalia. Mjukuu wa barua ya juu, kama unasoma: hapo ndipo hadithi ilipobadilika, jioni, uani, Pangani, walikuwepo watoto 5 na mwanamke mmoja mwenye mbuzi ya nazi.

Kwa hiyo mwanangu, usimkataze. Huenda anakurushia fumbo, sisi wa pwani hatuna haya kwa hilo. Huenda pia anatazama tu pale mlangoni ambapo bintiye alikuwa anakaa, na anakukuta wewe. Kwa vyovyote usiingie chumbani. Kaa mkekani, itikia, na akifika pale yanapovuja, muulize swali. La kwako, si la Mama Mdogo wangu.

Na yule mdogo alikuuliza pakacha, hakukutukana. Muheza yenye machungwa yote hayo hukosi pakacha nyumbani. Mpe alishike yeye, nendeni mtoni kabla likizo haijafika. Ateke, aone yanavyovuja. Udongo mwache autafute mwenyewe.